Je, Wajua? Medali ya Babu Husomwa Ukingoni

Mtu akipewa medali ya zamani, jicho lake hukimbilia kichwa cha mfalme. Mjuzi huigeuza upande kwanza, akaanza na ukingo, ule unene wa milimita chache ambao wengi hawajui hata kwamba umeandikwa. Kuzunguka Mlima Meru, kuanzia Akeri na Poli hadi Ilboru na Ngaramtoni, vita viwili vikuu vya karne iliyopita viliacha watu na vitu. Sasa wajukuu wanafungua masanduku ya wazee na kujiuliza: hiki ni cha kweli? Kina thamani gani? Dalali naye hachelewi kuwajibu, kwa faida yake. Haya hapa machache ya kumwezesha mjukuu kuuliza maswali kabla hajapokea pesa.

Je, wajua kwamba medali isiyo na jina inaweza kuwa halali kabisa?

Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyepewa Medali ya Vita ya Uingereza, ile ya fedha, aligongewa ukingoni namba yake, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Kwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, mwishoni mwa mstari utakuta herufi K.A.R. pamoja na tarakimu ya batalioni. Nyota ya 1914-15 haina ukingo wa kuandikwa, kwa hiyo maandishi yaliwekwa mgongoni.

Vita vya Pili vilipokwisha, Serikali ya Uingereza iliamua kutoa medali zake za vita hivyo bila majina. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia jeshi la Waingereza katika vita hivyo, wakafika Somalia, Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliopewa nyota na medali zao walizipata tupu, hazina hata herufi ya kumtambulisha aliyezivaa. Ni jambo la kuumiza, kwani kizazi kimoja tu kikipita bila kusimulia, hakuna mtaalamu duniani awezaye kusema kwa kuitazama nyota ya Burma kwamba ni ya mzee fulani wa Nkoaranga na si ya kijana wa Manchester.

Basi mnunuzi akikwambia, "Haina jina, ni feki," ama hajui kazi yake ama anashusha bei. Na ukikuta jina limekwaruzwa kwa mkono kwenye medali ya Vita vya Pili, usikimbilie kusema imeharibiwa. Huenda mwenyewe au fundi wa jirani alifanya kile ambacho serikali ilikataa kufanya. Herufi za namna hiyo huwa hazilingani kina wala nafasi, na hilo si kosa. Kosa ni pale muuzaji anapodai kwamba ziligongwa kiwandani.

Tuishike moja mkononi

Chukua hiyo Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914-18. Ina upana wa milimita 36 na uzito wa karibu aunsi moja. Upande wa mbele ni Mfalme George wa Tano, kichwa wazi, anatazama kushoto. Upande wa nyuma kuna mwanamume aliye uchi juu ya farasi, ana upanga mfupi, na chini ya kwato kuna ngao yenye tai pamoja na fuvu na mifupa. Miaka 1914 na 1918 imeandikwa pembeni. Mchoraji wa upande huo wa nyuma ni William McMillan.

Sasa washa taa, weka kioo cha kukuzia, na utazame vidole vya mpanda farasi na manyoya ya shingo ya farasi. Medali halisi iligongwa kwa mashine, chuma kigumu juu ya fedha, kwa hiyo mistari ni mikali na uwanja ulio wazi ni laini. Ya kuigiza mara nyingi imesubiwa, yaani madini yameyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu iliyochukuliwa kutoka kwenye medali nyingine. Kalibu huacha vishimo vidogo kama vya sindano, mistari hufifia, na madini yakipoa husinyaa, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko ile iliyoizaa. Tazama pia ukingo kama una alama ya mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au mikwaruzo ya tupa iliyotumika kuufuta mshono huo.

Kisha uje kwenye jina. Herufi zilizogongwa kiwandani zina kina kimoja na zimepangwa kwa mstari. Wapo walaghai wanaochukua medali halisi ya mtu asiyetafutwa na yeyote, wakafuta jina lake kwa tupa, wakaandika la mtu mwenye sifa. Fedha ni ya kweli, mfalme ni wa kweli, lakini mtu ni wa uongo. Ulaghai huo haukamatwi kwa jicho, unakamatwa kwa kalipa: pima upana wa medali sehemu kadhaa. Pale palipofutwa, milimita 36 hazitimii.

Muundo huohuo ulitolewa pia kwa shaba nyeusi kwa baadhi ya vikosi vya wafanyakazi, wakiwamo Wachina na Wamalta. Kwa hiyo rangi ya shaba peke yake haithibitishi udanganyifu.

Je, wajua kwamba medali yenye lugha mbili inaweza kuwa imepita Arusha?

Mapigano makubwa ya kwanza upande huu yalikuwa Longido, tarehe 3 Novemba 1914, ambako Waingereza walirudishwa nyuma. Machi 1916 walirudi na nguvu kubwa zaidi. Mwezi uliofuata wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walitoka Arusha, wakauteka mlima wa Lolkisale, wakasonga hadi Kondoa Irangi na kuiingia tarehe 19 Aprili. Mvua za masika na ndorobo viliwamaliza farasi wao njiani.

Wanajeshi hao walipewa Medali ya Ushindi, ya rangi ya shaba, yenye sanamu ya mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Kwenye medali za Waingereza maneno ya nyuma ni ya Kiingereza tu. Zile za Afrika Kusini zina Kiingereza na Kiholanzi. Asiyejua hudhani fundi amechanganya mambo, kumbe hapo ndipo penye ushahidi. Nao mwaka unaosomeka juu yake ni 1914-1919, si 1918, jambo jingine linalowafanya watu waitilie shaka bure.

Afrika Kusini ilifanya tofauti tena katika Vita vya Pili, kwani iliandika majina ukingoni pale Uingereza ilipoacha. Ukikuta Nyota ya Afrika au Medali ya Vita ya 1939-45 imegongewa jina vizuri kwa mashine, uliza kwanza kama mwenyewe alikuwa wa jeshi la huko. Makaburu waliishi pembezoni mwa Meru tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati wa Wajerumani, kwa hiyo swali hilo si la ajabu mjini Arusha.

Je, wajua kwamba mzee mmoja angeweza kuwa na vitu vya Mjerumani na vya Mwingereza, vyote halali?

Mwaka 1917 Waingereza walipounda batalioni ya sita ya Keya, waliijaza kwa sehemu kubwa askari waliokuwa wa jeshi la Wajerumani na kutekwa vitani. Mtu alivua kofia moja akavaa nyingine, bila kuacha kazi yake ya bunduki. Ndiyo maana kifungo cha sare ya Mjerumani na medali ya Mwingereza vinaweza kulala kwenye sanduku moja bila mtu kuwa amedanganya. Mimi ningemwonya anayevitenganisha ili auze kimoja huku na kingine kule, kwa sababu vikiwa pamoja vinasimulia maisha ya mtu, na vikitengana vinabaki chuma.

Kwa askari Waafrika, Wajerumani walikuwa na medali maalumu yenye maneno KRIEGER VERDIENST. Msalaba wa Chuma, unaopendwa sana na waigizaji, ni jambo jingine. Ule wa 1914 uliundwa kwa kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi na kufungiwa ndani ya fremu ya fedha. Weka sumaku: kwa kawaida kiini hunasa. Msalaba uliosubiwa wote kwa shaba, kisha ukapakwa rangi mbili, haunasi, na ukitazama pale fremu inapokutana na kiini hutaona mwanya wala kuungana kwa vipande. Ipo misalaba michache halisi yenye kiini kisichonasa sumaku, kwa hiyo sumaku ifungue maswali, isifunge kesi.

Na kuna ile alama yenye tembo, ambayo watu huiita medali ya vita. Ilianzishwa Ujerumani mwaka 1922, vita vikiwa vimekwisha na makoloni yamekwenda, kwa ajili ya waliotumikia huko. Maneno yake ni SÜDSEE, AFRIKA na KIAUTSCHOU. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika katika miaka ya 1920, wengi walikuja kulima Arusha na Moshi, basi si muujiza kuiona huku. Lakini muuzaji akikwambia ilivaliwa Longido mwaka 1914, mwachie mwenyewe.

Je, wajua kwamba askari waliwahi kuthibitishwa kwa ufagio?

Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Askari wake walidai mishahara waliyokuwa hawajalipwa. Miaka ikapita, serikali zikabadilika, na ni mwaka 1964 tu ambapo bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa waliosalia.

Kama inavyosimuliwa, wazee mia tatu na zaidi walikusanyika Mwanza mbele ya mhasibu aliyetoka Ujerumani. Wachache walikuwa na hati za mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa, na wengi hawakuwa na kitu. Mhasibu akachukua ufagio, akampa kila mzee kwa zamu kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu kinaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Hati hupotea, sare huliwa na mchwa, medali huuzwa mwaka wa njaa. Anayetathmini leo hana tena mzee wa kumpa ufagio, kwa hiyo lazima ategemee kile kilichobaki pamoja na medali: cheti cha kuachishwa jeshi, picha ya studio, kipande, barua, hata sanduku la karatasi lililoletwa na posta. Orodha za waliopewa medali za Uingereza zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Kwa medali yenye jina na namba, hapo ndipo pa kuanzia, na uwe tayari kukuta jina la ukoo wenu limeandikwa kama karani Mwingereza alivyolisikia.

Kuhusu nyota za Vita vya Pili

Nyota hizi zina ncha sita, rangi ya shaba ya manjano, na katikati kuna herufi za mfalme zenye taji, zikizungukwa na jina la uwanja wa vita. Nyota ya Afrika ilihusu 10 Juni 1940 hadi 12 Mei 1943, na Nyota ya Burma 11 Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945. Ile ya 1939-45 kwa kawaida ilihitaji siku 180 za utumishi vitani.

Tarehe hizo ni chombo kizuri kuliko sumaku. Mapigano ya Uhabeshi yaliisha Novemba 1941, Gondar ilipoanguka. Ukiletewa cheti cha askari aliyejiunga mwaka 1943 na kwenda moja kwa moja Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kisha kando yake kuna Nyota ya Afrika "aliyoipata Uhabeshi", hapo pana swali. Nyota yaweza kuwa halali kabisa, lakini ya kaka yake, au imeongezwa na dalali ili kundi lionekane nene.

Utepe nao una mengi. Ule wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu wa jeshi la nchi kavu katikati, na mistari miembamba ya bluu iliyoiva kwa jeshi la maji na bluu nyepesi kwa jeshi la anga. Uangalie chini ya ile taa ya zambarau wanayokagulia noti kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Nyuzi za kisasa huwa na dawa ya kung'arisha na hung'aa, za zamani hubaki zimefifia. Tahadhari moja tu: utepe wa mwaka 1946 uliofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nao hung'aa. Tena utepe mpya haufanyi medali iwe mpya, kwa maana tepe huoza na watu hubadilisha.

Je, wajua kwamba kulikuwa na medali ya ushujaa ya Keya peke yao?

Hadi mwaka 1942 askari Mwafrika wa Keya aliyefanya ushujaa mkubwa vitani hakupewa Medali ya Mwenendo Bora ileile aliyopewa Mwingereza. Alipewa yake, yenye jina King's African Rifles mgongoni. Ubaguzi huo leo unamsaidia mchunguzi: ukionyeshwa medali ya namna ya Kiingereza inayodaiwa kuwa ya sajini wa Keya wa mwaka 1917, omba maelezo. Zile za kweli ni chache, na wakusanyaji huzikimbilia.

Msalaba wa Victoria ulio maarufu kwenye historia ya jeshi la Tanganyika ulipewa Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, wa batalioni ya sita, ile ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941, karibu na Colito huko Uhabeshi, alirukia kifaru cha Waitaliano, akafungua mfuniko na kuwapiga risasi waliokuwa ndani. Hakurudi. Kambi ya Colito, Dar es Salaam, ilipata jina lake kutokana na pigano hilo, na humo ndimo maasi ya askari yalipoanza tarehe 20 Januari 1964. Leo kambi hiyo ni Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Baada ya maasi hayo jeshi liliundwa upya, na aliyekabidhiwa kuliongoza kama Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Tanzania alikuwa kijana wa Meru, Mirisho Sarakikya.

Msalaba wa Victoria hutengenezwa na nyumba ya Hancocks ya London, na huwa na jina la mwenyewe nyuma ya upau wa juu na tarehe ya tendo mgongoni mwa msalaba. Shaba yake ukiipeleka kwa sonara haifiki bei ya mlo. Hata hivyo, mwaka 2009 iliripotiwa kwamba karibu pauni milioni 1.5 zililipwa kwa medali za daktari mmoja, Noel Chavasse, aliyeupata mara mbili.

Usiisugue

Hili nalisema kwa msisitizo. Kabla ya kumwonyesha mgeni, watu wema huchukua majivu, dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba, wakaisugua medali mpaka inawaka. Kila msuguo huondoa madini. Ule weusi ulioganda kwenye mikunjo ni wa miaka mingi na ni vigumu kuuigiza vizuri, na wewe umeupeleka kwenye tambara. Vijikovu vidogo pale medali mbili zilipogongana kifuani kwa miaka navyo ni ushahidi kwamba zilivaliwa pamoja. Mwombe pia sonara asiikwangue kwa kupima fedha kwa tindikali. Mzani na kalipa vinatosha kwa kuanzia. Ifunge kwa karatasi au kitambaa cha pamba kisicho na dawa, mahali pakavu, maana unyevu wa Meru hauna huruma na chuma.

Bei ya fedha ilipopanda kupita kiasi kati ya 1979 na 1980, medali nyingi za fedha za 1914-18 ziliishia kwenye tanuri huko Uingereza, majina na yote. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema "nanunua kwa gramu", mnyang'anye medali yako kwa adabu.

Je, wajua kwamba Tengeru ina uhusiano na Monte Cassino?

Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ilipokea wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Urusi kupitia Uajemi. Makaburi yao yapo hadi leo. Waume, baba na kaka wa wengi wao walikuwa kwenye jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders, lililopigana Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Waliopigana pale walipewa msalaba wa shaba nyeusi usio na jina, ila kila mmoja una namba yake mgongoni, na misalaba hiyo ilizidi 48,000. Namba ziligawiwa kwa mafungu kufuata vikosi, kwa hiyo namba peke yake huonyesha kama msalaba ulitoka kwa mtu wa mizinga, wa vifaru au wa miguu. Msalaba usio na namba, au wenye namba ya kikosi kisicho kwenye hati zinazouzwa pamoja nao, hauna budi kuelezwa na anayeuuza kabla hujatoa hata shilingi.